Kwa Msukuma Aliyewavua Madaktari Viatu

Mtani wangu Masanja,

Hapa kijijini Chole, Kisarawe, nimeshatangaza kwamba wale madaktari wako wote nimewafundisha mimi. Wewe, nimesema, ulikuwa dereva tu, kazi yako kuwatoa Kibaha na kunishushia mlangoni. Watu wamekubali, maana nilisema kwa sauti kubwa. Haya, usinitolee macho huko uliko. Ni uongo. Mimi darasa la nne lilinishinda, na kazi uliyonipa ilikuwa moja: kuwa mgonjwa msumbufu. Hiyo niliiweza bila kusomea.

Uliponiambia hawa wanafunzi wako ni madaktari tayari, ila wanasoma tena wawe mabingwa wa tiba ya familia, nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Ubingwa wa familia! Nikakwambia mjomba wangu alikuwa na wake watatu na hakupewa cheti. Ukanijibu, "Mzaramo wewe, mjomba wako aliuza shamba acheze ngoma, huyo atatibu familia gani?" Shikamoo ulikuwa umenipa kwanza, tusi likafuata. Nikajua nimepata mtani.

Uliwavulisha viatu mlangoni, wasomi wazima, ukawakalisha jamvini wanywe uji wa mke wangu Zena kabla hawajauliza ugonjwa wowote. Unamkumbuka Daktari Upendo? Alikaa kama amekalia siafu. Nikamwambia kichwa kinauma, mgongo unauma, sikio linavuma kama mashine ya kukoboa. Akaandika vipimo mpaka nikamwonea huruma. Wewe unapuliza uji tu. Alipomaliza ukamwuliza, "Mzee Kondo umempima. Nyumba je?"

Hakuelewa. Wala mimi. Ukaonyesha kwa kidevu: Zena amesimama kizingitini na sufuria tupu, anahema kama katoka kisimani na ndoo mbili, naye katoka jikoni tu. Mimi ninayelala naye nilidhani ni unene. Kumbe moyo. Ukamwanzishia dawa, akapata pumzi, na pumzi yenyewe akaitumia kunigombeza. Nami badala ya asante nikakwambia umeniharibia amani ya nyumba.

Ulipokufa nilikuja nyumbani kwako Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, kabla hawajakusafirisha kwenda kwenu Usukumani. Nikavaa koti lako jeupe, kama mtani anavyopaswa, nikaanza kuwapima waombolezaji. "Wewe unalia kupita kiasi, presha hiyo. Wewe hulii kabisa, unaumwa pilau." Mjane wako akacheka akishika mbavu, halafu ndipo akaweza kulia. Kazi yangu ikawa imekwisha. Nikaenda nyuma ya nyumba na koti lako mwilini, na nilichofanya huko hakikuhusu.

Baada ya hapo gari halikuja tena. Nikasema basi, wamerudi kukaa mezani, mgonjwa awafuate. Na Zena akaanza kuhema tena. Namwuliza, anasema vumbi la mahindi. Nasema twende hospitali ya Kisarawe, anasema nenda wewe unayependa kutembea. Mtani, niliogopa. Nilikaa barazani nikisikiliza pumzi za mke wangu kama mtu anayesikiliza paa wakati wa upepo.

Wiki iliyopita nikasikia hodi. Upendo! Nyuma yake madaktari wawili wapya, na sasa mwalimu ni yeye. Viatu vyake alivivua kabla sijamkaribisha. Nikaanza wimbo wangu, kichwa, mgongo. Akasema, "Pole babu, hicho kichwa kitanisubiri," akanipita kama nguzo ya umeme, akaingia jikoni, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akamenya muhogo na Zena. Wanaongea mambo ya wajukuu. Kisha akambonyeza mguu uliovimba kwa kidole gumba, shimo likabaki.

"Uzee tu huo, mwanangu," Zena akasema.

"Bibi, uzee hauachi shimo. Dawa zako ziko wapi?"

Ndipo ikajulikana. Alikuwa anakata vidonge nusu, apate kuvifikisha mpaka gari lako litakaporudi. Hakutaka daktari mwingine. Alikuwa anakusubiri wewe, Msukuma, uliyekwisha kuzikwa.

Upendo hakumkaripia. Alimshika mkono tu, akawageukia wale wageni wawili akawaonyesha vile vidonge nusu kwa kidevu. Naapa nilikuona wewe mzima mzima ndani ya binti wa Kichaga. Siku ileile wakampeleka Kibaha. Sasa amerudi, analala bila kujazia mito mgongoni, nami nalala.

Kwa hiyo pumzika, mtani. Wakija hao wapya nitaendelea kuumwa uongo mpaka siku nitakapoumwa kweli, nakuahidi, na sitawarahisishia.

Ila kuna kitu changu hujanipa. Siku ile niliinamia jeneza nikakwambia, "Msukuma mzima, leo unabebwa na Wazaramo wanne!" Hukujibu. Hujawahi kuniacha na tusi mkononi. Njoo ndotoni, usiku wowote, hata usiketi. Nitukane mara moja tu, niamke nacheka.

Mtani wako,
Kondo