Kipande cha Nne Kilikuwa Kwenye Droo Yangu

Jumapili, 5 Oktoba. Joto tangu asubuhi. Wingu zito limetanda upande wa Kongo na halisogei.

Nina wivu. Nimeanza na hilo nisije nikalizungukia mpaka mwisho wa ukurasa.

Kundi letu la kusoma hapa Ujiji lina watu saba. Tunakutana wiki ya mwezi mpevu, alasiri, barazani kwa Mwalimu Leokadia, ambaye ni mstaafu. Tulichagua wiki hiyo kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao hazifui dafu, na wanawake wanaoanika dagaa wanapata nafasi ya kukaa. Mmoja wao ni Mwamvua, rafiki yangu wa miaka kumi na mbili. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye kundi.

Safari hii tulipata nakala moja tu. Ni riwaya fupi ya zamani: marafiki wawili wanaondoka kijijini mwaka wa njaa kutafuta kibarua, wanagawana kila kitu, kisha mmoja anaugua njiani. Ili tusisubiriane, niliikata kwa kisu cha karatasi cha dukani kwangu, ikawa vipande vinne. Kila anayemaliza kipande anakileta, naandika jina kwenye daftari, nampa kingine. Mimi ni katibu. Naipenda kazi hiyo kuliko ninavyokiri.

Jumatatu Mwamvua alikuja dukani kuchukua kipande cha nne, cha mwisho. Kilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

Nikamwambia hakijarudi.

Nimejaribu kujidanganya kwamba nilisahau. Sikusahau. Mkutano wa mwezi uliopita Mwamvua alisema maneno mawili matatu kuhusu kitabu cha mwezi huo, na Mwalimu Leokadia akayanakili kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa tatu, zenye vichwa vya habari. Mwalimu alisema, "Ahsante, Dafroza, umejitahidi." Nilimaliza kidato cha nne. Mwamvua aliishia darasa la saba. Nilitaka, kwa mara moja tu, aongee akiwa nusu, na mimi niongee nikiwa kamili.

Jana tukakutana. Nilianza mimi. Nilikuwa ukurasa wa pili, kwenye dhamira, Baba Ramla akanikatiza. Yeye ni mvuvi, na mdomo wake hauna breki.

"Dada Dafroza, haya ni maoni au muhtasari wa kikao cha kata?"

Wakacheka. Nikamalizia haraka haraka. Baba Ramla mwenyewe alisema safari ya njaa ndiyo humpima mtu. Mwalimu alisema njaa haina adabu. Kisha zamu ya Mwamvua.

"Mimi kipande cha mwisho sikukipata, mnisamehe," alisema. "Lakini huyu mzima hamwachi mwenzake anayeumwa. Haiwezekani. Mwandishi asingemaliza ukurasa mzima kutuonyesha wanavyomenya kiazi kimoja, halafu amwache."

Hakuishia hapo. Akaeleza mwaka aliougua kipindupindu, watu wakawa wanapita mbali na mlango wake, na mimi nikawa nakwenda Kibirizi, ufukweni anakoanika, kugeuza dagaa wake juani wasioze, halafu nampelekea uji mpaka kwenye geti la kambi ya wagonjwa. "Dagaa wenyewe aliwageuza vibaya," alisema, "nusu walivunjika vichwa. Lakini alikuja kila siku. Kwa hiyo mimi mwisho ninaujua, hata bila kuusoma."

Katika kitabu, anamwacha. Anamwacha amelala kwenye benchi la stesheni, anachukua na blanketi lao.

Hakuna aliyemwambia. Baba Ramla alitazama vidole vyake vya miguu. Mwalimu Leokadia alivua miwani akaishika tu.

Na mimi, ninayesifiwa, unajua niliwaza nini? Niliwaza: hata kunisifu anajua kuliko ninavyojua mimi kuandika.

Aibu ilikuja baadaye, nikiosha vyombo.

Leo baada ya ibada nimekwenda Kibirizi. Nimemkuta anashona wavu wa chanja zake za kuanikia dagaa, sindano mdomoni. Nikampa kipande cha nne. Nikamwambia kilikuwa kwangu tangu Jumatatu, na kwamba nilifanya makusudi.

"Makusudi ya nini?"

"Wivu."

Akatoa sindano mdomoni. "Wewe uliyemaliza fomu foo? Unionee wivu mimi ninayenuka dagaa mpaka kwenye kope?"

Nikasema ndiyo. Nilingoja acheke. Mwamvua hucheka hata kwenye foleni ya maji. Hakucheka.

"Mwisho wake anamwacha?"

"Anamwacha."

"Na jana wote mlijua."

"Wote."

"Mkaniangalia tu naongea." Aliligeuza lile bunda la karatasi, akaangalia nyuma kana kwamba kuna kitu zaidi kimeandikwa huko. "Hao wengine siwadai neno, shoga. Hao hawakunigeuzia dagaa."

Nilianza kuomba msamaha kwa utaratibu, jambo la kwanza, jambo la pili. Akanikatiza kwa mkono.

"Kesho saa nne uje unisomee. Kwa sauti. Nataka nikusikie wewe ukipasoma hapo anapomwacha."

Akanirudishia karatasi, akaendelea kushona. Sikuambiwa karibu chai.

Nimerudi nikiwa na maneno yake kichwani, na nitakiri na hili: wivu haujaisha. Sentensi yake moja imenipiga kuliko kurasa zangu zote zilivyowahi kumgusa mtu. Sijui kama ni adhabu au ni mlango ameuacha wazi kidogo. Nimefungua kipande cha nne nifanye mazoezi ya kusoma, nikaona ni ujinga, nikakifunga.

Kesho saa nne nitakuwa Kibirizi. Nitasoma mpaka mwisho. Akiniuliza kama yule rafiki alistahili kusamehewa, nimjibu nini?