Mashine Imesema Hakuna

Baba yangu,

Jumamosi iliyopita nilikwenda Naro Moru kufungua madirisha. Nafanya hivyo kila wiki mbili tangu Mama ahamie kwa dada kule Sagana, kwa sababu nyumba isiyokaliwa hunuka unyevu upesi sana upande huo wa mlima. Nilikuwa nimemaliza kufagia chumba chako na nimeketi kwenye kiti chako bila ruhusa, Muriithi wa Nderitu alipobisha hodi langoni. Hakuwa amekuja kwetu tangu tukuzike. Alinisalimu vizuri, akakataa chai, akanieleza kwamba anataka kuchimba kidimbwi cha kuhifadhi maji ya mvua kwenye shamba la marehemu baba yake, kule chini karibu na ua wa michongoma. Tingatinga lilikuwa limeshaagizwa.

"Nimeonelea nikuambie," akasema, "kwa vile ni pale."

Hakuhitaji kuongeza neno. Nakuandikia kwa sababu nyumba nzima hakukuwa na mtu wa kumuuliza nifanye nini, na naiandika barua hii wazi ili hata wale waliokuwepo siku ile waisome. Wengi wao bado wapo, na bado wana lao la kusema.

Nilikuwa darasa la tano. Nilikuletea chakula kichinjioni, nikakukuta umevaa koti lako jeupe la ukaguzi wa nyama, nayo mikono ina wino wa zambarau wa muhuri. Nderitu, rafiki yako wa tangu shule, mliyekuwa mkikaa naye benchi moja kanisani, alifika kwa baiskeli akihema. Ng'ombe wake mmoja, yule aliyekuwa akilisha nyumba yake kwa maziwa, alikuwa ameanguka asubuhi na kufa. Majirani walikuwa wameshanoa visu. Alitaka uje upige muhuri tu, watu wachukue nyama wakiwa na moyo safi.

Wasomaji wasio wa kwetu huenda wasielewe. Kwetu ng'ombe wa mtu akianguka, kila boma linachukua sehemu yake ya nyama, hata asiye na hamu, ili hasara isikalie nyumba moja. Kukataa sehemu yako ni kumkataa mwenye ng'ombe. Kwa hiyo tulipofika tulikuta karibu watu wote tunaowajua, kina mama na sufuria na ndoo, wanaume wamekunja mikono ya mashati, na hata majani ya migomba yamekatwa tayari ili nyama iwekwe juu yake.

Wewe ulimzunguka yule ng'ombe mara moja tu. Alikuwa amevimba, na puani palikuwa na damu nyeusi ambayo haikuwa imeganda. Ulinishika bega ukanirudisha nyuma kwa nguvu hadi nikaumia kidogo. Halafu ukasimama kati ya mzoga na watu.

"Hakuna mtu ataguza hii ng'ombe," ulisema. "Hata ngozi. Inachomwa hapa hapa."

Nderitu alidhani unatania. Alipoona hutanii, alikuuliza mbele ya wote kama wewe ni rafiki yake ama ni mtu wa serikali. Ukamjibu kwamba leo wewe ni wa serikali, kesho utakuwa rafiki yake. Baba, nimelifikiria jibu hilo nusu ya maisha yangu. Kesho hiyo haikufika.

Ulisimama pale tangu adhuhuri mpaka kuni na chokaa zikaletwa. Kina mama waliondoka na sufuria tupu, wakipita karibu yako bila kukutazama. Ng'ombe alichomwa, shimo refu likachimbwa, mabaki yakafukiwa, nawe ukamwambia Nderitu kwamba mahali pale pasichimbwe tena, yeye wala watoto wake. Sampuli uliyochukua uliituma Nairobi ipimwe kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu. Majibu hayakurudi. Ulikwenda kuuliza, ukaambiwa subiri, ukaenda tena, ukaambiwa labda ilipotea njiani, mwishowe ukaacha kwenda. Huku nyuma watu wengi walishapata majibu yao wenyewe: ng'ombe alivimbiwa na majani mabichi, nawe ulichoma chakula cha rafiki yako kwa sababu ya kiburi cha koti.

Ubaya wa kazi yako ulikuwa huo. Ukiifanya vizuri hakuna mtu anayeugua, na mtu ambaye hakuugua hana cha kukushukuru. Nderitu alihamia benchi la nyuma kanisani. Mama akiingia kwenye kinu cha kusaga, mazungumzo yalikatika. Sikumbuki hata siku moja ukilalamika, lakini nakumbuka kwamba Jumapili mchana, wakati wanaume wengine walipokuwa wakitembeleana, wewe ulikuwa ukipalilia kabichi zilizokwisha kupaliliwa. Nilikuwa nakutazama kupitia dirisha la jikoni. Nilikuwa nikiwachukia watu wote wa kijiji kile, na kidogo, nisamehe, nilikuchukia na wewe kwa kutokuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Ndiyo sababu nilisomea nilichosomea. Sikuwahi kukuambia waziwazi. Ulidhani napenda tu nyaya na darubini.

Unakumbuka siku nilipokuja kukueleza kwamba nimepata kazi hapa Nyeri, ya kutengeneza kifaa cha kubeba mkononi cha kutambua silaha za vijidudu? Ulicheka hadi ukavua miwani. Ulikuwa ukiniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yako, na uliponiita hivyo nilijua unanikejeli kwa upendo.

"Vita na nani, Mama? Huku Naro Moru?"

Nikakueleza kwamba wafadhili wetu wanaogopa siku ambayo mtu mbaya ataachilia ugonjwa makusudi katikati ya watu, na kwamba wanataka askari au muuguzi aweze kujua papo hapo ni ugonjwa gani, bila kusubiri maabara ya mbali. Wana orodha ya magonjwa wanayoyahofia, nikakuambia, na karibu na kichwa cha orodha hiyo kuna kimeta. Uliweka kikombe mezani. Ukaniuliza kama ni kimeta hii hii, ya Nderitu. Nikasema ni hiyo hiyo.

"Si wangeniuliza mimi," ulisema, ukarudi kwenye chai yako. Lakini niliona umefurahi.

Mashine yenyewe uliiona. Si kubwa kuliko mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia. Unachanganya udongo kidogo na maji maalumu, unaudondosha kwenye kijikaratasi, unakiingiza, unasubiri kama dakika ishirini. Taa ya kijani, hakuna kitu. Taa nyekundu, jina la ugonjwa linajitokeza kwenye kioo. Kazi ngumu haikuwa kuifanya ione. Kazi ngumu ilikuwa kuifundisha isione visivyokuwepo, maana udongo una vijidudu chungu nzima ambavyo ni binamu wa kimeta na havina ubaya wowote.

Mwea ndiko ilikonitia aibu. Tulikuwa tukijaribu udongo wa aina mbalimbali, tukafika kwenye mashamba ya mpunga, nikachota tope, na taa ikawaka nyekundu. Nikachota pengine, nyekundu. Wakulima walikusanyika na baiskeli zao kutazama, mmoja akauliza kama watoto wake waache kuingia majini, nami nikainama kuchota tena mbele ya viongozi wa mradi waliokuja kutoka mbali. Maabara ilipopima yale matope haikukuta kimeta hata chembe. Wiki hiyo hiyo nilirekebisha mashine. Nilipandisha kiwango, ili isiwake mpaka ikute kitu kingi cha kutosha. Tangu siku hiyo haijaniaibisha tena, na ripoti zetu zimekuwa za kupendeza.

Nilipokusimulia, ulikuwa umeanza kukohoa kile kikohozi. Uliniuliza swali moja: "Sasa ikinyamaza na kumbe iko, utajuaje?"

Nikakuambia unywe dawa. Nilibadilisha mazungumzo, Baba. Wiki chache baadaye kifua kikakuchukua, na swali lako likabaki bila jibu.

Sasa nirudi kwa Muriithi. Mashine ilikuwa kwenye gari. Nilimwomba tushuke wote hadi kwenye ua wa michongoma, nikavaa glavu na barakoa, yeye nikamweka mbali upande upepo ulikotokea. Sikuchimba. Nilichota udongo wa juu tu, mahali sita, na kila mara tukasubiri. Tulitazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa hauna wingu. Nitakuambia ukweli: nilikuwa tena msichana wa darasa la tano. Nilitaka taa iwake nyekundu. Nilitaka kumgeukia mtoto wa Nderitu na kumwonyesha jina kwenye kioo.

Kijani. Mara zote sita.

Muriithi hakucheka. Ingekuwa rahisi kama angecheka. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo mashine imesema hakuna."

Nikamwambia asichimbe.

"Sasa wewe unaamini mashine ama unaamini baba yako?"

Lilikuwa swali la haki na nilistahili kuulizwa. Nilimwambia kwamba mbegu za ugonjwa huu hulala ardhini miaka mingi, na kwamba ninyi mlizifukia chini sana, mahali udongo wa juu hauwezi kutoa habari. Hilo lilikuwa rahisi kusema. Kisha nikamwambia lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata wenzangu wa kazini: kwamba mashine hii mimi mwenyewe niliiziba masikio, kwa kuogopa aibu, na kwamba inaweza kunyamaza mahali inapopaswa kupiga kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho sikutarajia kwa mtu wa nyumba ile.

Akasema atalisimamisha tingatinga mpaka watu wa mifugo waje kuchimba na kupima wao wenyewe, kwa utaratibu wao, lakini na yeye ana sharti lake. Kuna waliokuwa wakimwita baba yake, hadi kufa kwake, mtu aliyetaka kulisha majirani mzoga wa ugonjwa.

"Wakikosa kitu hapo chini, utasimama kanisani useme mzee wako alikosea. Kwa mdomo wako."

Nilikubali. Tulipeana mikono, baada ya mimi kuvua glavu na kunawa. Ndipo nilipotambua kwamba miaka yote hii nilidhani ni sisi tu tuliokaa peke yetu kwa sababu ya ng'ombe yule. Kumbe hata kwa Nderitu watu walisita kula.

Jumatatu niliandika barua mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa ofisi ya mifugo, na wamejibu kwamba watakuja Alhamisi. Ya pili niliwapa wakubwa wangu, nikawaeleza nilichofanya baada ya Mwea na kwamba kifaa kisikabidhiwe kwa mtu yeyote mpaka tukipime upya. Hawajafurahi. Wenzangu wawili wameacha kunisalimu kwenye korido, na mchana nakula chakula changu maabarani, mimi na friji inayonguruma. Nilidhani nakujua, Baba. Nilikuwa sijui hata nusu ya kile ulichokuwa ukipalilia Jumapili mchana.

Bado kuna jambo moja, na ni hili linaloninyima raha. Kazi yangu ni kutafuta ugonjwa ili watu waukimbie. Mtu wa kazi yangu anapaswa kutamani kila udongo uwe safi. Lakini tangu Jumamosi naomba, naomba kabisa kwa magoti, wakute kimeta pale. Nataka kifo kiwe kimelala chini ya shamba la jirani, mahali ambapo watoto wa Muriithi wanachunga mbuzi, ili baba yangu awe alisema kweli. Nikijisikia nikiomba hivyo naona haya, nanyamaza, kisha baada ya muda najikuta nimeanza tena.

Nimeandaa maneno ya kusema kanisani kwa vyovyote itakavyokuwa. Yale ya kukutetea yamejaa kurasa tatu na kila siku naongeza. Yale mengine ni mstari mmoja: Baba yangu alikosea. Nimejaribu kuyasoma kwa sauti hapa nilipo, mlango umefungwa, na bado sijaweza kufika mwisho wa mstari.

Alhamisi nitakuwa pale kwenye ua mapema kabla yao. Nitasimama mahali ambapo hakuna mtu atakayetaka kusimama karibu nami, na safari hii hakuna mkono utakaonirudisha nyuma.

Pumzika, Baba. Lolote litakalotoka ardhini, bado mimi ni wako.

Binti yako,
Wairimu