Nani Alimuua Jaji wa Mama Wambui

Jumatatu, 9 Februari
Nimeamka saa moja. Vibaya. Jogoo wa jirani yangu, Mama Wambui, huniamsha saa kumi na moja, namtukana, napika chai, natafuta miwani. Leo kimya. Nikadhani nimekufa. Magoti yakauma, nikajua bado.
Mama Wambui alikuwa harusini Limuru jana. Amerudi asubuhi, akaanza kulia kama mfiwa. Jaji ameuawa. Ndilo jina la huyo jogoo. Manyoya na kichwa viko kwenye jalala la ploti tunamoishi, nyuma ya kibanda cha Mutua, askari wetu wa geti.
Pole kwake. Nimekunywa chai mara mbili.

Jumanne, 10 Februari
Jamhuri yetu hii ya ploti imejaa polisi wasio na sare. Mimi pia. Namshuku Mwalimu Karanja, mstaafu, aliyeandikia kamati ya ploti barua tatu kuhusu kelele za Jaji, zote kwa wino mwekundu. Namshuku Pasta wa ghorofani. Jaji alikuwa akimkatiza maombi ya alfajiri.
Nimewahoji kwa upole. Mwalimu amenisahihisha Kiswahili. Pasta ameniombea.
Hata mimi si msafi. Niliwahi kumrushia Jaji kiatu. Nilikosa.
Mama Wambui hataki kusikia mwingine ila Mutua.

Alhamisi, 12 Februari
Si mchezo tena. Kamati inakaa Jumamosi na Mutua atafukuzwa. Miaka kumi na moja getini. Watoto wanne Kitui. Amekuja kwangu, nikampa kiti, akakataa kukaa. "Mzee, wewe unanijua." Namjua. Nimekasirika siku nzima.
Jioni nikamsifu mwanangu Simiyu kwa yule kuku wa Jumapili. Mke wake Nekesa, aliyekuja juzi tu kutoka Bungoma, ndiye aliyempika, akanitengea firigisi, heshima ya baba wa nyumba. Simiyu akashangaa. Alidhani nimenunua mimi.
Tukatazamana. Sufuria ikaanguka jikoni.
Nekesa alieleza akiwa nyuma ya mlango. Kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, wala hamuulizi maswali. Kila asubuhi alimkuta jogoo kwa mlango wetu, akajua ni wetu. Na baba mkwe hapewi maharagwe Jumapili ya kwanza. Akachinja. "Baba, nisamehe. Nitarudi nyumbani."
Kwa mlango wetu. Si mimi niliyekuwa nampa Jaji ugali wa jana, kwa siri, kila siku? Namtukana, kisha namlisha. Mzee mjinga.
Nimemwambia asiguse begi.

Jumamosi, 14 Februari
Kikao, viti vya plastiki, jua kali. Mutua amesimama pembeni na kofia mkononi. Nikainuka kabla mwenyekiti hajakohoa.
"Jaji nilimla mimi. Firigisi mpaka shingo."
Si uongo. Aliyechinja ni nani, hakuna aliyeuliza.
Pasta akafumba macho. Mama Wambui akauliza alikuwaje. Nikasema mtamu, ila mgumu kama aliyemfuga. Akacheka yeye kwanza. Halafu akalia. "Wewe mzee, ungeshindwa kuniomba?" Hapo ndipo iliponiuma.
Hukumu: nimletee jogoo mwingine, na nimwombe Mutua msamaha mbele ya watu. Nimemwomba. Alinipa mikono yote miwili. Niliona haya hata kumwangalia.
Mama Wambui hatanisalimia kwa muda. Nitamngoja.

Jumapili, 15 Februari
Sukumawiki na ugali. Mvua kidogo.
Nekesa ameweka sahani. Siku zingine huweka akaondoka mbio. Leo amesimama karibu na mlango, macho chini.
"Baba, chumvi imetosha?"
Nikasema imetosha. Haikuwa imetosha. Nimemaliza yote.