Simu Iliyobaki Ikichaji

Shoga, shangazi amerudi safarini. Tangu aingie hajaketi.

Ndani ya basi, kijana aliyekaa naye alimwomba amchomekee simu yake iliyozimika, maana soketi ya upande wake ilikuwa mbovu. Walipofika darajani kijana akasimamisha basi, akashuka.

Shangazi akamwita dirishani, "Mwanangu, simu yako!"

"Acha ijae tu, mama."

Acha ijae tu! Yeye akadhani mzaha.

Basi likaondoka. Simu ikawaka, ikaita papo hapo. Shangazi akapokea, mwanamke analia: "Nimesoma ujumbe wako mwanangu, usishuke darajani!"

Shangazi akapiga yowe, dereva akageuza basi. Darajani hapakuwa na mtu.

Simu iko polisi. Shangazi yuko jikoni ananiuliza, "Yule mama nilimjibu nini?"

Nami sikuwepo, shoga.