Nusu ya Chini

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Dada aliniambia kwamba siku hizi unashuka ngazi kinyumenyume kama mtu anayemwogopa mkwe, nikacheka mpaka nikaona aibu. Unakula lakini? Na usimjibu Dada kwamba umekula kumbe sahani umempa paka, maana habari zako zote nazipata. Huku sisi tu wazima. Mume wangu anakusalimu sana. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anajiona mzee kuliko sisi wote nyumbani. Kile kiraka ulichonishonea kwenye koti bado kimeshika. Watu huniuliza ni nani huyo anayeshona kiraka cha duara, nami huwajibu kama unavyosema mwenyewe, kwamba kiraka chenye pembe huanza kubanduka kwenye pembe.

Ningekupigia simu, Mama, ila simu wewe unaikata. Nikitamka tu neno Baba, hapo hapo nasikia kimya. Barua haikatiki, ndiyo maana nimekaa kuandika. Nakuambia mapema ili usije ukasema nimekutega: barua hii inamhusu yeye. Najua ni miaka minne sasa hutaki kumsikia. Najua ulivyochekwa, najua walivyokuwa wakinyamaza ukiingia dukani. Lakini tafadhali usiikunje. Keti pale dirishani penye mwanga, vaa miwani, usome mpaka mwisho. Nisipoanzia kwenye kazi yangu hutanielewa, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kuna kampuni ya uchapaji inatengeneza kalenda ya picha za maumbile, na mada yao mwaka huu ni ulinganifu, yaani vitu ambavyo upande mmoja unafanana na wa pili. Mhariri wao wa picha tunamwita Bwana Kunja. Ukimpelekea picha hata haitazami vizuri. Anaikunja katikati, anaibandika kwenye kioo cha dirisha jua lipite, kisha anachungulia kama nusu hizi mbili zimelaliana. Zisipolaliana, anakurudishia picha yako ikiwa na mkunjo katikati. Kipepeo wangu alimkataa kwa sababu bawa la kushoto limemeguka kidogo. Jani akalikataa kwa sababu mishipa yake haikukutana. Nilipompelekea ua la petali tano akaniuliza alikunje wapi. Nikamwambia ua kama lile halikunjwi, linazungushwa kama sahani, na kila ukilizungusha linarudi lilivyokuwa, na huo nao ni ulinganifu. Akanitazama kama nimemtukana.

Unanijua nikishapandwa na hasira. Nilimwambia hata yeye mwenyewe tukimkunja kwenye pua masikio yake hayatakutana. Katibu wake akaanza kukohoa ndani ya mtandio. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe mzee yule akajishika masikio, akayapima kwa vidole, halafu akaniambia atanipa nafasi moja ya mwisho, nikapige picha ya kitu na kivuli chake majini, maana maji hayawezi kukosea. Ikitoka vizuri ataiweka kwenye jalada.

Basi nikaenda bwawani. Ndiyo, bwawa lile lile. Sikuwa nimekanyaga pale tangu Baba aondoke, lakini nilitaka jalada lile, Mama, nililitaka kwa moyo wote. Na pale ndipo Baba alinifundisha kazi hii. Unakumbuka tulivyokuwa tunarudi jioni na matope mpaka kwenye nyusi, nawe unatuzuia mlangoni? Alikuwa akiniambia kwamba maji hayanakili mwamba. Maji yanautazama kutoka pale yalipolala, chini, na sisi tunautazama tukiwa tumesimama. Sisi tunaona kichwa cha mwamba, maji yanauona kidevu. Kila picha ya majini niliyopiga alinitaka niigeuze juu chini, nimwonyeshe kitu ambacho maji yameona na mimi sikukiona: tumbo la jani, kiota chini ya tawi. Nisipokipata hatuondoki. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu.

Siku niliyokwenda hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Maji yamepungua vibaya mwaka huu. Ule mwamba wa ng'ambo ulioinama, ambao kawaida maji huugusa mdomo, sasa uko wazi, chini yake kuna giza. Mlinzi wa bwawa aliniambia, huku anachokonoa meno, kwamba tangu aajiriwe hajauona wazi namna ile isipokuwa mara moja, miaka minne iliyopita. Nilimwitikia tu. Nilikuwa nafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, sikutaka maneno.

Hapa nitakueleza jambo, nawe usiniambie nimezidisha. Kila nilipobonyeza kamera nilisikia mlio wa pili kutoka ng'ambo, chini ya mwamba. Nabonyeza, kisha na kule kunabonyezwa. Nilisogea kushoto, nikahisi kuna mtu kule naye amesogea. Niliinama, nikahisi ameinama. Nikamuuliza mlinzi, akacheka, akasema mwamba ule ni mjibu maneno, ukikohoa nao unakohoa. Nikakohoa. Haukukohoa. Nikapiga kelele ya heee kama mwendawazimu, nao ukakaa kimya. Nikabonyeza kamera, ukanijibu. Nilikusanya vitu vyangu nikaondoka bila hata kuaga, na mtandio wangu niliusahau juu ya jiwe.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Bwana Kunja aliikunja kwenye mstari wa maji, akaibandika kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. Mwamba ulilala juu ya mwamba, jiwe juu ya jiwe. Halafu akanuna. Akaniita nisogee, akaweka ukucha mahali pamoja katika nusu ya chini, kwenye giza la chini ya mwamba, ambapo palikuwa na kitu kidogo kinaning'inia. Nusu ya juu, mahali pale pale, hakikuwepo. Akasema ni takataka inaelea, wala nisihangaike, fundi wake wa kompyuta ataifuta. Au afadhali zaidi, fundi achukue nusu ya juu peke yake, aigeuze, aibandike chini, na hapo hakuna atakayepata kasoro.

Na mimi nilikuwa nakubali. Mdomo ulishafunguka kusema sawa. Lakini mikono ina mazoea yake, nikaikunjua ile picha na kuigeuza juu chini, kama ambavyo Baba angetaka. Nikaomba kioo cha kukuzia. Haikuwa takataka, na haikuwa inaelea. Ulikuwa mkoba, umetundikwa kwenye mzizi ndani kabisa chini ya mwamba, mahali ambapo mtu aliyesimama ukingoni hawezi kupaona, panaonwa na maji tu. Ubavuni mwa mkoba palikuwa na doa jekundu. La duara.

Mama, ni nani mwingine anashona kiraka cha duara? Na kitambaa nilikijua, ni kile kipande kilichobaki ulipofupisha pazia la sebuleni, ukakishona kwenye mkoba wa Baba. Sikumbuki nilimwambia nini Bwana Kunja. Nakumbuka nimekaa kwenye ngazi za ofisi yao, na yule katibu amenifuata na kipochi changu ananiuliza kama nina mtu wa kumpigia simu.

Nitalisema wazi, maana hakuna namna nzuri ya kulisema. Baba alikuwa pale. Polisi walikwenda na mashua ya mlinzi, nami nikasimama ukingoni. Mkoba ulikuwa kwenye mzizi, umeota ukungu, kiraka chako kimepauka lakini uzi haujafumuka hata mmoja. Kamera ilikuwa kwenye ufa wa jiwe, na chini ya kamera, kwenye tope, alikuwa yeye. Afisa aliyeniita pembeni, mwanamama mpole, alisema inaonekana alitambaa chini ya mwamba ili ashushe kamera usawa wa maji, akateleza, mguu ukabanwa kwenye ufa. Kisha mvua zikaja, maji yakapanda na kuufunga ule mdomo. Nilimuuliza kama alikaa pale muda mrefu akiita. Akasema hajui. Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Daktari wa serikali naye amethibitisha, kwa ule mfupa wa mkono aliouvunja akiwa kijana na ukaunga vibaya.

Sasa nakuja kwenye viatu. Najua ndipo ulipo hata sasa hivi. Kila aliyejaribu kumtetea Baba ulimjibu neno moja, kwamba mtu haendi bwawani na viatu vya sherehe. Viatu vyeusi havikuwepo kabatini, yule mwanamke muuza maua akahama wiki ile ile, basi mtaa ukajumlisha kwamba wametoroka pamoja, nawe ukajumlisha, na hakuna aliyekwenda kumtafuta mtu ambaye kila mmoja alijua amekwenda wapi. Na ni kweli, Mama, alikuwa amevivaa. Niliviona kwa macho yangu. Nilisimama pale namlilia na papo hapo namkasirikia, nikijiuliza viatu vile alivivalia nini.

Mwishowe nikaenda kwa fundi viatu, yule wa kibanda cha nyuma ya stendi, ambaye Baba alikuwa akimpelekea kila kitu chenye kisigino. Nilianza kumuuliza kama anakumbuka. Hakuniacha nimalize. Alipanda juu ya stuli, akatoa kwenye rafu ya juu kabisa buti za kazi za Baba, zimefungwa pamoja kwa kamba zake, vumbi juu yake unaweza kuandika jina. Zina soli mpya. Akasema Baba alizileta asubuhi ile mwenyewe, soli ya kulia imeachama, akiwa amevaa vile vyeusi na anajicheka jinsi mama nyumbani atakavyomgombeza akivirudisha na matope. Alimwambia fundi atazipitia jioni akirudi.

Nilimuuliza fundi kwa nini hakusema. Alijibu kwamba aliposikia maneno ya mtaani aliona si adabu kumpelekea viatu mke aliyeachwa, na baadaye ikawa vigumu zaidi. Nilitaka kumtukana, na matusi nilikuwa nayo. Badala yake nikakaa kwenye benchi lake nikalia kama mtoto, naye akachukua brashi akaanza kuzing'arisha mpaka nilipomaliza.

Alikuwa anarudi, Mama. Jioni ile ile. Hakukukimbia. Alikuwa anarudi nyumbani na matope kwenye viatu vya sherehe, na alikuwa anakuogopa wewe tu.

Bwana Kunja ameshapiga simu kuulizia picha. Nilimwambia haifutwi wala haitolewi, na kwenye jalada la kalenda yake aweke kipepeo mwenye mabawa mawili sawa kama atampata. Akanipa pole. Ile picha iko hapa mezani, na mkunjo wake katikati. Nikiitazama usiku nasikia ule mlio wa pili. Siuogopi tena kama mwanzo, ingawa taa siizimi.

Hatujamzika. Nimewaambia wote kwamba asiguswe mpaka wewe ufike. Dada bado hajui, msomee wewe, usimwachie asome peke yake. Jumamosi nitakuja kukuchukua na basi la asubuhi. Buti nitakuja nazo, uzishike mwenyewe, maana najua wewe ni mtu wa kushika ndipo uamini. Na ile picha ya Baba ambayo Dada ameniambia ulihama nayo ulipokwenda kuishi kwake, ukaiweka nyuma ya kabati imeelekea ukutani, nakuomba uigeuze kabla sijafika.

Nisalimie Dada na shemeji, nisalimie watoto, na huyo paka mnene. Magoti uyapake dawa, safari ni ndefu. Mjukuu wako amechora kiraka cha duara mwishoni mwa karatasi hii, ameniambia hiyo ndiyo sahihi yake. Mimi yangu ni ile uliyonipa mwenyewe nikiwa mdogo.

Mwanao akupendaye,
Kiherehere