Mama wa Kibuyuni

Jumatatu, 20 Januari

Saa kumi na mbili asubuhi. Bidoni tatu za maziwa badala ya tano. Papa Bahati, anayeniletea maziwa kwa pikipiki kutoka Masisi, hakuzima hata injini. Amesema tu, "Mama Neema, kule si kuzuri," akaondoka.

Nimechemsha, nimepooza, nimetia kijiko cha mama. Mama ndiyo yale maziwa ya jana tunayobakiza kibuyuni ili yagandishe ya leo. Mama yangu mzazi alifika naye mjini kutoka milimani, kibuyu mgongoni, mimi mkononi. Tangu siku hiyo huyu mama wa kibuyuni hajawahi kufa. Huyo ndiye mgahawa wangu. Viazi na chapati kila mtu anaweza.

Miguu inauma.

Jumatano, 22 Januari

Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo anayekula kwangu kila asubuhi, leo tena: "Chai ya asubuhi ni kwa Mama Neema, chai ya saa kumi ni kwa Riziki." Mbele ya watu wote, huku anatafuna chapati yangu.

Nimenuna. Riziki ni mjane wa kaka yangu. Alifanya kazi hapa miaka minne. Siku moja akaondoka bila kuaga, na chupa ya mama ndani ya kitenge, akafungua mgahawa wake mtaa wa Mabanga. Mwizi. Miaka mitatu sijamwamkia. Wanasema tangawizi yake ni kali na maandazi yake ni mepesi. Shauri yake.

Ijumaa, 24 Januari

Papa Bahati hakuja. Njia ya Sake imefungwa na vita. Barabarani ni watu tu tangu asubuhi, magodoro kichwani, mbuzi, masufuria, vizee wanaobebwa. Nimewagawia maziwa yaliyobaki. Siyo wema, yangeharibika.

Nimebakiza vikombe viwili vya mama kibuyuni. Nimemlisha maziwa ya unga. Mama yangu angeona, angenichapa.

Jumapili, 26 Januari

Hakuna misa. Milio ya risasi tangu alfajiri. Mimi na mzee wangu tumelala sakafuni nyuma ya kabati, kibuyu katikati yetu. Mzee amesema sasa ameoa wake wawili. Nimecheka, halafu nikalia.

Jumatatu, 27 Januari

Milio. Hakuna maji, hakuna umeme. Naogopa.

Jumatano, 29 Januari

Kumetulia. Nimetoka kuangalia kama mgahawa bado upo. Upo. Bati limetoboka, mabenchi yamebebwa, sijui na nani. Maiti mbili njia panda, zimefunikwa. Nimepita bila kutazama.

Nimerudi nyumbani. Kibuyu chepesi. Mzee amekunywa mama.

"Nilikuwa na njala, Mama Neema. Nikaona ni maziwa tu."

Maziwa tu. Miaka thelathini na moja tumeoana. Na amekiosha kibuyu, tena kwa sabuni, kwa maji yetu ya mwisho, ili anifurahishe. Mtu ambaye hajawahi kuosha sahani! Sikupiga kelele. Nguvu ya kupiga kelele sina.

Ijumaa, 31 Januari

Papa Bahati amefika na bidoni moja. Yuko hai, amekonda. Nimejaribu kugandisha kwa ndimu. Maziwa yamekatika, hayakuganda. Papa Kambale ameonja, ameweka kikombe chini polepole. "Mama, iyi si yako." Bora angenitukana.

Nimejua tangu juzi ni wapi mama bado yuko hai. Sitaki kupaandika.

Jumamosi, 1 Februari

Nimekwenda Mabanga kwa miguu, chupa tupu ndani ya kitenge. Njiani nimegeuka mara mbili. Saa kumi, kwa Riziki kumejaa. Nusu ni wakimbizi, watu wawili kikombe kimoja.

Kuomba nimeshindwa. Mdomo umekataa. Nimejifunika kichwa, nimekaa pembeni kama mteja, nimeagiza maziwa ya kuganda. Nimeonja. Ni yeye. Ni yuleyule mama, na uchachu wake unaokuja mwishoni. Nimekaa na funda mdomoni. Kisha, mtu mzima mimi, nimeweka chupa chini ya meza na kuanza kumimina.

Mkono umenigusa bega.

"Wifi, acha. Iyo iko na sukari, haitashika. Ngoja nikuletee yenyewe."

Watu wamesikia. Aibu imenichoma mpaka masikioni. Ameleta chupa imejaa, na chai ambayo sikuagiza, na maandazi mawili. Ameketi mbele yangu mpaka nimemaliza. Ameuliza habari ya mzee. Nimemweleza alichofanya, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Habari ya wizi haikuguswa. Nani angeianza?

Tangawizi ni kali kweli.

Jumatatu, 3 Februari

Maziwa yameganda. Nimechungulia kabla ya kuvaa viatu.

Wateja wanne, wamekaa juu ya mawe. Papa Kambale amekunywa vikombe viwili. Nimemwambia mimi mwenyewe: chai ya saa kumi ni kwa Riziki. Amenitazama kama nina homa. Mzee amepigwa marufuku kukaribia kibuyu.

Kuna mama mmoja kutoka Kiwanja, mkimbizi, ananisaidia kumenya viazi tangu jana. Huko kwao alikuwa anauza chai. Asubuhi nzima macho yake yamefuata kijiko changu, kutoka kibuyuni mpaka kwenye sufuria. Hakuomba. Nimemjazia chupa kabla hajaiba.