Baba, Nimekula kwa Mwenye Ghala

Mpendwa baba,

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike kule Mbozi, nami nakuandikia nikiwa nimekukasirikia kidogo. Unisamehe.

Unakumbuka tulivyozunguka mashamba ya kahawa, wewe bwana shamba, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli yako? Ulibeba viazi vitamu vya kuchemsha. Wenyeji wakichinja kuku, wewe unatoa viazi. Mama mmoja alikuuliza, "Bwana shamba, unaogopa tutakuloga?" Ukacheka. "Nikila kuku wako leo, kesho nitaona haya kukwambia kahawa yako inaumwa." Walinuna, lakini walikuzoea.

Mimi hawajanizoea. Wiki iliyopita mkuu wangu alinichukua tukakague ghala la mahindi hapa Tunduma, la mfanyabiashara anayeomba leseni. Tukapitishwa moja kwa moja sebuleni kwake. Binti akaja na birika na beseni, nikanawa, maana mikono ilijaa vumbi la barabarani. Unajua kwetu aliyenawa amekubali kula. Ukaja wali, nyama ya mbuzi, na bia kutoka ng'ambo ya mpaka. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba waraka wa maadili unatukataza kukirimiwa na mtu mwenye ombi ofisini kwetu.

"Karani, umenawa ili ututazame tukila?" akauliza mwenye ghala.

Mkuu akacheka. "Kula, dogo. Aliyeandika waraka alikuwa ameshiba."

Nikala, baba. Ghala hatukulifungua.

Jana fomu ya ukaguzi ililetwa mezani kwangu. Mkuu alikwisha kusaini kwamba ghala ni safi na kavu. Palibaki pangu pa kusaini. Bado niko kwenye majaribio ya kazi, na neno lake moja linatosha kunirudisha nyumbani. Kinachoniudhi ni kwamba ulinifundisha kumkatalia mwenyeji, lakini mashambani ulikwenda bila mkubwa wako. Ungekuwa hai ningekuuliza nifanye nini, nawe ungenijibu nini?

Nimeandika taarifa kama waraka unavyotaka: nilikula nini, kwa nani, na kwamba ghala sikuliona. Nilichana karatasi mbili kwanza. Asubuhi hii nimempa mkuu nakala, pamoja na fomu isiyo na saini yangu. Ameisoma mara mbili, kisha akaniomba funguo za kabati la mafaili, nilizokabidhiwa nilipoanza kazi. Nimempa.

Pumzika, baba. Mama bado sijamwambia kwamba huenda nikarudi nyumbani.

Mwanao,
karani